Nimefunga fogi laiti orijino za Toyota kwenye IST yangu mwenyewe nyumbani, Mbeya

Wakuu salama. Hii tathmini ni ndefu kidogo, mwenye haraka aruke aende kwenye bei huko chini. Mwezi uliopita nilifunga fogi laiti (taa za ukungu) za kiwandani kwenye IST yangu (ya 2004, injini ya 1.3, chesisi NCP60) nikiwa nyumbani kwangu Ilomba, sina gereji wala mtambo wa kuinulia gari, nina spana tu na dogo wa jirani wa kunishikia tochi. Kabla ya hapo nilishapigwa na seti ya Mchina, kwahiyo nitaongelea zote mbili.

Kwanza kwanini fogi. Wa Dar mtacheka lakini mimi wakwe zangu wako Tukuyu, na anayeijua njia ya Uyole kwenda Tukuyu anajua nasemaje. Ukishaacha Igawilo unaanza kupanda, ukifika Isyonje pale njia panda ya kwenda Makete ukungu unaukuta umekaa barabarani kama mtu, mpaka Isongole huko hujauacha, na pembeni kuna magunia ya viazi, watu, baiskeli, ng'ombe, na semi zinatoka mpakani Kasumulu zinakuja na taa zote zimewaka. Ukiwasha fulu ndo unaharibu kabisa, mwanga unagonga yale matonematone ya maji unarudi machoni kwako, unaona ukuta mweupe basi. Taa ya fogi inakaa chini kwenye bampa na mwanga wake ni mpana halafu umekatwa kwa juu, unapita chini ya ukungu unakuonyesha ule mstari mweupe wa pembeni na mita chache za lami. Chache kweli, tusidanganyane, lakini ndo hizo hizo unazozihitaji.

Sasa IST yangu ilikuja haina. Ni ile ya daraja la chini, kwenye bampa pale pa fogi kuna vifuniko vya plastiki tu. Watu wengi hatujui kwamba Japani mteja akinunua gari mpya anachagua vitu vya ziada, kuna vile vinavyofungwa kiwandani gari likiwa bado linaundwa na kuna vile anavyofungiwa na muuzaji baadae. Ndo maana unaona IST mbili za mwaka mmoja rangi moja, moja ina fogi, ina waipa ya kurekebisha spidi, nyingine iko uchi. Hata zile za oda ya mikoa ya baridi kama Hokkaido mara nyingi zinakuja na betri kubwa zaidi. Mjapani wangu mimi inaonekana alikuwa mbahili, Mungu amrehemu kama ameshatangulia.

Mwaka jana nikafanya kosa la kila mtu. Nikaenda kwenye duka moja hapa mjini (silitaji, wanajijua) nikanunua seti ya fogi za LED, boksi zuri, picha ya IST juu, elfu hamsini na tano. Ndani kuna taa mbili, waya wake, rilei (kile kidude cha umeme kinachopitisha moto wa taa ukibonyeza swichi), na kiswichi kidogo cha kubandika na gundi kwenye dashibodi. Fundi umeme akanifungia kwa elfu ishirini, akachukua moto moja kwa moja kwenye betri, akatoboa kipira pale waya zinapoingilia ndani, kile kiswichi akakibandika chini ya usukani. Siku ya kwanza nikajiona nimeukata. Wiki ya tatu taa ya kushoto ikaingia maji, ukiangalia unaona kabisa kibwawa mule ndani, ungeweza kufuga perege. Halafu kwa vile kile kiswichi hakitegemei ufunguo wala taa za gari, nikazima gari nikaenda kulala taa zimewaka, asubuhi betri imekufa na ni Julai, nyie wa Mbeya mnajua baridi ya Julai, nimehangaika na gari na jaketi na kofia ya sufi kama nachuma chai Rungwe. Nilivyorudi dukani nikaambiwa "vitu vya umeme havina garantii kaka". Sawa.

Kilichonishtua zaidi ni siku nilipofungua kuzitoa. Waya ulikuwa mwembamba kama wa chaja ya simu na mahali umepita karibu na rejeta ngozi yake ilishaanza kulegea. Kwa LED za wati chache unaweza ukasalimika, ila kuna watu wananunua seti hizo hizo halafu wanaweka glopu za H11 za wati 55 kila upande. Piga hesabu, wati 110 gawa kwa volti 12 unapata zaidi ya ampea 9 zinapita kwenye kiwaya kile. Huo ni moto unausubiri.

Baada ya hapo ndo nikaanza kusoma. Kuna katalogi za spea za Toyota mtandaoni, unaingiza namba ya chesisi inakuletea gari lako lote limechorwa kipande kipande, kila kipande na namba yake. Nikagundua kitu kimoja kilichonifanya nicheke peke yangu saa sita usiku: mkono wa taa (ule wa kombinesheni swichi, wa kuwashia taa na indiketa) upo wa aina mbili, usio na pete ya fogi na wenye pete ya fogi. Soketi ya nyuma inaonekana ni ile ile. Maana yake kama kiwanda kilipitisha waya kwenye gari zote ili kisipate tabu ya kutengeneza waya za aina kumi, basi gari langu linaweza kuwa na nusu ya kazi tayari imeshafanyika tangu 2004, imekaa tu inasubiri mtu.

Jumamosi asubuhi nikafungua bampa. Si kazi ya ajabu: pini za juu ukifungua boneti, skrubu kila upande kwenye tairi, na pini za chini, halafu unavuta pembe zote mbili kwa pamoja kuja mbele. Kwa pamoja nimesema, ukivuta upande mmoja unavunja vishikizo. Na kama kuna baridi liache gari lipate jua kwanza, plastiki ya miaka ishirini ikiwa ya baridi inakatika kama biskuti, mimi nimevunja pini saba kabla jua halijatoka vizuri.

Nikaingiza mkono nyuma ya bampa upande wa kushoto, napapasa ule mkungu wa waya unaoenda kwenye honi, nikagusa kitu kimefungwa kwa tepu ya sponji. Nikakata tepu taratibu na wembe. Soketi! Nyeusi, ya pini mbili, safi kabisa, ina mng'ao kama imetoka kiwandani jana, haijawahi kuona vumbi. Nilipiga kelele mpaka dogo akaangusha tochi. Yaani nimetembea na hiyo soketi miaka sita, nimepita nayo Isyonje usiku nikiwa nimetoa kichwa dirishani, kumbe ipo.

Upande wa kulia sasa. Hamna. Waya umekatwa na kufungwa na tepu ya bei rahisi, maana yake hili gari liliwahi kugongwa upande ule na aliyelinyoosha akaona waya usio na kazi akaukata. Muuzaji aliniambia halijawahi kuguswa hili gari, "la mwalimu, linatembea shule na kanisani tu". Hahaha. Kwahiyo kingine nilichokipata bure ni historia ya gari.

Basi nikaagiza spea. Mbeya nilizunguka Mwanjelwa pale Sido na Kabwe, taa zenyewe unazipata ila wengi wana za Mchina zenye sura ya orijino, na wachache wenye mtumba wa Japani walikuwa na upande mmoja. Mkono wa taa wenye pete ya fogi nilikosa kabisa, kila mtu ananiletea wa kawaida ananiambia "ni huo huo tu boss". Sio huo huo. Mwishoni nikampata kijana mmoja Ilala Dar anauza vitu vilivyong'olewa kwenye gari za ajali zinazotoka Japani, nikamtumia picha ya bampa langu, picha ya mkono wangu wa zamani mbele na nyuma nikihesabu pini, na picha ya kibao cha modeli. Huyu nampa sifa zake: alinirudishia video taa zinawaka kwenye betri kabla sijatuma hela, na mkono akanionyesha pete inazunguka. Usimtumie hela mtu asiyekubali kupiga video ya sekunde ishirini. Mzigo ukapanda basi la usiku, kesho yake mchana nimeupokea stendi ya Nane Nane umefungwa na gazeti na soksi. Soksi kweli, na moja ilikuwa nzima kabisa nimeifanya ya kufutia dashi.

Ubora wa taa zenyewe: usiku na mchana na zile za LED. Kioo ni kioo, sio plastiki, mgongo wake una kibomba cha kupumulia ili mvuke utoke, na nyuma kuna skrubu ya kupandisha na kushusha mwanga. Zilikuwa na mikwaruzo kidogo na ya kushoto ina chipu ya jiwe ndogo kama punje ya mchele, haisumbui. Zilikuja na mapete yake ya bampa. Zinaingia kwenye matundu ya skrubu yaliyokuwepo tayari, hutoboi popote, na hicho ndo kitu ninachokipenda kwenye kufunga kitu cha kiwandani, kila kipande kinajua mahali pake. Ile seti ya Mchina fundi alitoboa bampa sehemu nne, matundu yapo mpaka leo nayaangalia tu.

Kwa upande uliokatwa nikanunua kimkia cha soketi kwa watu wa skrapa, nikaunga kwa kuchomelea na risasi na kuvisha mpira wa kusinyaa. Usizungushe waya na kufunga tepu jamani, hapo ni mbele ya gari, maji na tope la Uyole linapiga moja kwa moja, miezi mitatu tu kutu inaanza.

Sasa kwenye mkono wa taa, hapa tulieni. Uko kwenye usukani na usukani una eabegi. Toyota wenyewe kwenye vitabu vyao wanasema toa waya hasi wa betri halafu subiri angalau sekunde 90 kabla hujagusa chochote kwenye mfumo wa eabegi. Mimi nilisubiri nusu saa, nilienda kunywa chai. Kwa kazi hii usukani wenyewe hautolewi kabisa, unafungua tu makasha ya plastiki yanayozunguka nguzo, kwangu skrubu tatu kwa chini, moja ilijificha mpaka nikageuza usukani robo. Mkono unautoa taratibu, usilazimishe, kama hautoki basi kuna kishikizo hujakibonyeza. Nikachomeka mpya. Soketi ikaingia "tak". Ile sauti ni tamu kuliko taarabu.

Bado rilei na fyuzi. Kwenye boksi la fyuzi sehemu ya fogi kwangu ilikuwa wazi, hamna fyuzi hamna rilei, mashimo tu na kwenye kifuniko imechorwa alama ya fogi. Nikaweka fyuzi ya ampea 15 kama ilivyoandikwa pale kwenye kifuniko. Kuna mtu atakwambia weka ya 30 isiungue hovyo, huyo usimsikilize, fyuzi kazi yake ni kuungua kabla ya waya. Rilei nikapata Kabwe ya mtumba ya Toyota elfu saba.

Nikarudisha betri, nikawasha ufunguo, nikazungusha pete. Kimya. Roho ikanishuka mpaka kwenye ndala. Dogo ananiangalia. Nikakaa kama dakika kumi natafuta kosa, nikashika mita nianze kupima, halafu nikakumbuka: fogi za kiwandani haziwaki peke yake mpaka taa ndogo au kubwa ziwe zimewashwa. Nikawasha taa ndogo, nikazungusha pete tena, rilei ikalia "tik" na ukuta wa jirani ukawa wa manjano. Na pale kwenye dashi kikatokea kialama cha kijani cha taa yenye vimistari vya kulala, ambacho sijawahi kukiona tangu ninunue hili gari. Kilikuwepo nyuma ya kioo cheusi muda wote. Dogo akasema "anko kumbe gari lako lina taa nyingine ndani". Nikampa buku mbili.

Hilo la kuwaka na taa ndogo ndo linanifanya nisirudi tena kwenye viswichi vya kubandika, maana ukizima taa za gari fogi nazo zinakufa, huwezi kulala ukaziacha.

Bei kwa wanaopenda namba. Taa mbili na glopu na mapete laki na kumi, mkono wa taa elfu arobaini, rilei elfu saba, fyuzi buku, mzigo wa basi elfu nane, kimkia cha soketi elfu tano, pini mpya kumi na mbili za bampa mia tano tano elfu sita. Jumla laki moja sabini na saba. Ufundi sifuri. Ya Mchina na ufundi wake ilinigharimu sabini na tano, na sasa hivi iko kwenye ndoo stoo. Kwahiyo ndio, orijino ni zaidi ya mara mbili ya bei, na kama gari lako hutoki nalo nje ya Soweto na Mwanjelwa hapa hapa mjini Mbeya sioni haja.

Na usichukulie kwamba kila IST au kila Vitz au Premio ina soketi imejificha. Jamaa yangu wa Mafinga tulifungua Premio yake na hamna kitu, waya wa kuelekea mbele haupo kabisa, ikabidi tuache maana kupitisha waya mpya mpaka ndani ni kazi nyingine na yeye hana subira. Yule anapita Sao Hill kila siku na ukungu wa pale kwenye misitu ya misindano sio wa kitoto, nimemwambia atafute mkungu mzima wa waya wa mtumba ndo tutarudi kazini. Fungua bampa kwanza ndo ununue, kufungua ni bure.

Nilipopata kichaa cha hizi mambo nikaongeza na mkono wa waipa wenye kipete cha kurekebisha muda, wa kwangu ulikuwa na spidi moja tu ya vipindi. Huu ulinichukua dakika ishirini na elfu thelathini na tano, unachomoa unachomeka, na kwa manyunyu ya Tukuyu ambayo si mvua wala si jua nakwambia naufurahia kila siku kuliko hata fogi. Krusi kontrolo watu wananiuliza sana, hiyo sijagusa. Kwenye gari ambazo pedali ya mafuta inatumia waya wa umeme na si kebo ya kuvuta, kompyuta ya injini ndo inafanya kazi yenyewe na kinachohitajika ni swichi yake na waya kwenye ile springi ya usukani (utepe wa waya uliojikunja ndani ya usukani), lakini lazima kompyuta yako iwe inaikubali, na hapo sasa usukani unatoka na eabegi inatoka. Mimi naishia kwenye skrubu tatu za kasha. Na kwa mlima kama Iwambi mwendo wa krusi utaupeleka wapi.

Jumapili iliyopita tulienda Tukuyu, mama watoto pembeni, tulitoka kwa wakwe saa mbili usiku na mkungu wa ndizi kwenye buti. Isongole ukungu kama kawaida. Nikashusha taa, nikazungusha pete. Mstari wa pembeni ukatokea, nikauona mpaka mkia wa mbwa aliyekuwa anavuka. Mama watoto akasema tu "hizi ndo za laki na ngapi?" nikaongeza sauti ya redio. Nyuma yangu daladala ya Kiwira ikaacha kunipigia honi ikanifuata pole pole mpaka Uyole, nadhani naye alikuwa anatumia taa zangu.

Kasoro iliyobaki: glopu ya kushoto ni ya manjano kidogo kuliko ya kulia, moja ni ya zamani moja ilishabadilishwa huko Japani. Usiku inaonekana kama gari limekonyeza. Nimetafuta inayofanana nayo Sido nzima sijapata, mwenye nayo anitumie picha yenye maandishi ya kwenye kitako.